Safu ya Ushauri: “Nani amekuharibia mkono?”

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi ya uuguzi huku Uingereza. Naomba usinicheke, maana shida yangu si ya ndoa wala ya mawifi. Ni ya mchezo.

Tulipohamia mji huu mdogo sikuwa na mtu. Watoto shuleni, mume safarini kikazi, mimi na zamu za usiku. Jirani yetu, mzee mjane aliyepita miaka themanini, ndiye aliyebisha hodi siku moja akaniuliza kama nimewahi kucheza bolzi. Kwa wasomaji wasioujua: ni mchezo wa kuviringisha matufe mazito kwenye nyasi zilizokatwa fupi sana, kuelekea kijitufe cheupe kinachoitwa jeki, na aliyeikaribia jeki zaidi ndiye anayepata. Tufe lenyewe limechongwa na upogo. Haliendi moja kwa moja, linapinda kadiri mwendo unavyopungua.

Mzee (namwita hivyo, na jina amelipenda) alinifundisha kila kitu. Kusimama wima kwenye mkeka, kuurudisha mkono nyuma kabisa, kupiga hatua ndefu, tufe limelala kiganjani, halafu kulisindikiza kwa nguvu. Aliniambia nyasi zetu ni nzito, na usipolipa tufe nguvu halifiki. Ni kweli. Mvua ikinyesha, kiwanja chetu hakizidi sekunde kumi, kipimo chetu cha uzito wa nyasi. Kwa mkono huo nimekuwa mrushaji wa kwanza wa timu yake ya watatu, yeye akiwa nahodha, na watu wa klabu wanaujua mtupo wangu kwa mbali. Husema, “Huyo ni wa Mzee.”

Sijawahi kumwona akiyumba. Hata kiangazi kile cha 2022, joto lilipopita nyuzi 40 na nyasi zikakauka zikawa rangi ya kahawia, sisi wengine tulikuwa tukipeleka matufe mtaroni, mwisho wa kiwanja. Yeye aliinama kidogo tu kwenye mkeka akaendelea kushinda. Ndiyo maana nimeamini mkono wake hauna haja ya kuguswa.

Sasa msimu wa nje huisha Septemba, na Mzee hachezi ndani kwa sababu ya nyonga. Mwaka jana nilichoka kukaa miezi yote ya baridi bila mchezo, nikajiunga na klabu ya mji wa pili inayocheza kwenye zulia, ndani ya jengo. Nahodha wa huko ni mwanamke mdogo kwangu, mkali lakini hana ubaya. Mwanzo nilitia aibu. Nikitumia mkono wangu, matufe yanakwenda mtaroni. Nikipunguza nguvu, yanakata mbele ya jeki na kuangukia upande wa pili. Akaniambia niiname zaidi, nifupishe mkono na hatua, na nibadilishe hata namna ya kushika: nilitoe tufe kiganjani nilishike kwa vidole, dole gumba juu. Nilijifunza kimyakimya, na kufikia Februari nilikuwa nacheza vizuri.

Balaa ilianza tuliporudi nje. Mkono ukachanganyikiwa. Tufe baada ya tufe likasimama mita mbili, mita tatu kabla ya jeki. Mzee akanitazama, akaniuliza mbele ya watu, “Nani amekuharibia mkono?” Alisema kama utani lakini hakucheka. Mimi nikasema ni uchovu wa zamu za usiku. Nilimdanganya, Bi Mshauri, na kila nikimwona uani kwake naona haya.

Mwezi wa Juni tuna mashindano ya watatu chini yake. Nahodha wa ndani naye anataka jibu mapema kama Oktoba atanihesabu, na amesema nikirudi na mkono wa zamani atanitoa nafasi ya kwanza. Mume wangu anasema huu ni mchezo wa wazee, niachane nao. Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu: klabu zote mbili, mweusi ni mimi peke yangu. Nikikosea, nahisi hawasemi fulani amekosea.

Nimwache nani? Au niuache mchezo?

Ni mimi, Mkono Mmoja

*

Marahaba, binti yangu.

Sikucheki. Nilipokuwa Nairobi nilimaliza Jumamosi nyingi kwenye benchi la klabu nikimsubiri mume wangu amalize mchezo huuhuu, na nimeona watu wazima, wenye wajukuu, wakinuniana wiki nzima kwa sababu ya sentimita mbili. Nilianza kuutazama kwa kukosa la kufanya, nikaishia kuulizia kila kitu. Kwa hiyo umeniandikia mtu anayekuelewa, ingawa mimi mwenyewe tufe nikiliachia huenda njia ya jirani.

Nikikusoma vizuri, una mambo mawili uliyoyasuka yakawa ukili mmoja. Kuna mkono, ambao haujui usimame wima au uiname. Na kuna Mzee, ambaye alikutoa upwekeni na kukupa nafasi katika mji wa watu. Umeyafunga pamoja kiasi kwamba kufupisha hatua kumekuwa kama kumkana aliyekulea. Niruhusu niyafungue kwanza, kisha uyatazame upya kama bado yanashikana.

Tuanze na nyasi. Wachezaji hupima kiwanja kwa sekunde, yaani muda ambao tufe hutumia tangu litoke mkononi hadi lisimame umbali wa mita 27 hivi. Kinachowachanganya wageni ni kwamba sekunde zikiwa nyingi, kiwanja ni chepesi. Kwenye nyasi nzito tufe hutoka kwa nguvu na nyasi hulikaba mapema. Kwenye zulia, au kwenye nyasi kavu zilizokatwa chini sana, tufe huachiwa taratibu na linaendelea kuviringika wakati wewe umeshaanza kulikatia tamaa. Ukitoka kiwanja cha sekunde 10 ukaingia cha sekunde 14, tufe linatakiwa kuanza na mwendo wa kama robo tatu ya ule uliouzoea. Tofauti kubwa hivyo huwezi kuipata kwa kujiambia “polepole, polepole” huku mwili mzima umepangwa kwa nguvu. Ndiyo maana nahodha wako alianza na kiuno na hatua. Ukiwa wima, mkono ukarudi nyuma mbali na hatua ikawa ndefu, nguvu inakuja yenyewe hata usipoiita. Ukiinama na kufupisha, inapungua bila kubana msuli.

Halafu kuna upogo, na hapa nataka usome tena sentensi yako mwenyewe. Uliandika kwamba ukipunguza nguvu, matufe “yanakata mbele ya jeki na kuangukia upande wa pili.” Binti yangu, hapo mkono ulikuwa umeshapatia! Kilichokosea ni mstari. Kwenye kiwanja chepesi tufe hukaa njiani muda mrefu likiwa na mwendo mdogo, kwa hiyo upogo unapata wasaa wa kulivuta na pinde linakuwa pana. Wewe ulikuwa bado unalenga pale ulipokuwa ukilenga kwenye nyasi zenu nzito, ambako pinde ni jembamba. Ulitakiwa kugeuza nyayo kwenye mkeka na kulenga nje zaidi. Nusu ya kosa uliloubebesha mkono lilikuwa la macho na miguu, na miguu haina mwenyewe wa kumwonea haya.

Hili nalisema kwa sababu barua yako imejaa neno “mkono,” na hata jina ulilojipa ni Mkono Mmoja. Je, ni kweli unao mmoja? Mrushaji wa kwanza ndiye anayeitupa jeki. Siku ambayo nahodha ametaka jeki fupi, karibu na zile mita 23 zinazoruhusiwa, unaachia tufe kama unavyoliachia jeki ikiwa mwisho wa njia? Huwezi, mchezo ungekuwa umekushinda zamani. Na nyasi zenu zikiwa na umande saa nne asubuhi, halafu jua likazipiga hadi saa tisa, si kiwanja kilekile tena. Umekuwa ukibadilisha mkono miaka yote hii kwa vipande vidogo, na hakuna aliyekuuliza nani amekuharibia. Ulipikia makaa Mombasa na sasa unapikia umeme, na chapati bado ni zako.

Wanaoucheza mchezo huu kwa kiwango cha juu hawana anasa ya kiwanja kimoja. Mwaka 2018 Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa Australia, na bolzi ikachezwa Broadbeach, Gold Coast, kwenye viwanja vyepesi vya nchi ya jua. Mwaka 2022 ikachezwa Victoria Park, Leamington Spa, hukohuko Uingereza kwako, kwenye nyasi za nchi ya baridi na mvua. New Zealand kuna viwanja ambavyo hata nyasi havina. Wameotesha mmea mdogo unaotambaa, kotula, na ukikauka tufe halitaki kusimama. Mwingereza akifika huko na hatua yake ndefu, matufe yake ya kwanza huwafurahisha sana wenyeji.

Sasa nije kwa Mzee. Umeandika jambo kuhusu kiangazi cha 2022 ukalipita haraka, mimi likanikamata. Umesema nyasi zilikauka, nyote mkapeleka matufe mtaroni, naye “aliinama kidogo tu kwenye mkeka akaendelea kushinda.” Umelitaja kama ushahidi kwamba mkono wake hauguswi. Mimi nimelisoma kinyume. Mtu aliyekufundisha kusimama wima ameinama. Kwa nini? Kwa sababu nyasi zilikuwa nyepesi. Alifanya mbele ya macho yako kitu kilekile ambacho nahodha wa zulia alikuja kukuagiza baadaye, tofauti ni kwamba yeye hakukitangaza. Pengine hata hakujua amekifanya. Walimu wa mikono wengi wako hivyo, hukufundisha wanachokumbuka kukisema, na kile walichokizoea mno hubaki mwilini mwao. Wewe ukachukua maneno ukaacha kiuno.

Sisemi hivyo ili umwone ni mnafiki. Nakuuliza tu: unachoogopa kukisaliti ni nini hasa? Kama ni fundisho la Mzee, huenda fundisho lenyewe ni kuzisoma nyasi, na wima ule ulikuwa jibu la nyasi zenu tu. Lakini sina hakika. Yupo mzee ambaye kwake mkono uleule ndiyo heshima, na ambaye angechukia kusikia umefundishwa na mwingine hata kama tufe lingelala juu ya jeki. Wewe unamjua, mimi namsoma kwa mbali.

Na lile swali lake mbele ya watu? Tafakari alichokuwa anakiona. Siku ya masika, nyasi zimelowa, mwanafunzi wake ameinama, amefupisha hatua, amelishika tufe kwa vidole, na matufe yanaishia njiani. Kwa kiwanja kile, siku ile, alikuwa sahihi kwamba kuna kitu kimeharibika. Nahodha naye alikuwa sahihi mwezi wa Januari juu ya zulia. Kila mmoja alikuwa akizungumzia kiwanja kilichokuwa mbele yake. Wewe ndiye uliyesikia kwamba wanagombania nafsi yako.

Hilo la kuwa mweusi peke yako sitalipita, ingawa umeliandika kana kwamba unaomba radhi. Sitakuambia ni mawazo yako tu. Aliye peke yake kwenye kundi huonekana zaidi akikosea, na wewe unayajua macho ya watu wa huko kuliko mimi. Ninachokuomba ukiangalie ni uzito uliouongeza wewe mwenyewe juu yake. Ukisimama kwenye mkeka huku unawakilisha bara zima, hakuna mkono utakaotulia, wa wima wala wa kuinama. Tena jiulize kama hii ndiyo sababu nyingine ya kung'ang'ania kuwa “wa Mzee.” Pengine jina hilo limekuwa kinga, kwamba wakikukosoa wewe wamemkosoa yeye. Kama ni hivyo, hofu yako ya kumpoteza si ya mchezo peke yake, na inastahili kupewa nafasi yake.

Umeuliza umwache nani. Njia ziko zaidi ya hizo mbili ulizoniandikia, na kila moja ina mwiba.

Unaweza kuacha zulia na kubaki wa nje tu. Mkono utatulia haraka na mashindano ya Juni yatakuwa mepesi kwako. Lakini uliingia ndani kwa sababu miezi ya baridi ilikuchosha, na miezi hiyo itarudi, na zamu za usiku zitakuwa palepale.

Unaweza kushika vyote viwili. Wengi hufanya hivyo, ila wiki za mwanzo za kila msimu huwa za aibu, kama ulivyoona. Hapa nina ushauri mmoja wa kiufundi, uupeleke kwa mkufunzi wa klabu akupe rai yake. Katika yote aliyokubadilishia nahodha, lile la kushika ndilo linalochanganya zaidi, kwa sababu vidole vina kumbukumbu ya ukaidi. Ni kweli wengi hushauri tufe likae kiganjani kwa nyasi nzito na vidoleni kwa nyasi nyepesi. Lakini wapo wanaochagua mshiko mmoja wakauishi nao mwaka mzima, wakarekebisha urefu wa hatua, kimo cha mwili na mstari pekee. Ukipunguza vitu vya kubadilisha, mkono una machache ya kusahau. Hatari yake ni kwamba mshiko wa katikati unaweza usikupe raha kamili popote, na ukiwa na kiganja kidogo lile la vidole linaweza kukuponyoka mvua ikinyesha. Jaribu mazoezini kabla ya kumwahidi mtu.

Wengine hubadilisha matufe badala ya mkono. Ziko seti zenye upogo mpana na zenye upogo mwembamba, na kwenye zulia wengi hupenda ule mwembamba. Ni fedha nyingi, kwa hiyo kaazime kwanza klabuni. Na ujue kwamba seti mpya itakusaidia kwenye mstari tu, nguvu itabaki kazi yako.

Kuhusu nafasi ya kwanza, je, nahodha amekutishia, au amekueleza tu jinsi timu inavyopangwa? Mrushaji wa kwanza anatakiwa kulaza tufe karibu na jeki kabla njia haijajaa. Nahodha akihitaji mtu wa kufanya hivyo kwenye zulia, ni haki yake kumtafuta. Nafasi ya pili si adhabu. Ila kama ndani ya moyo wako nafasi ya kwanza ndiyo furaha yenyewe, mwambie hivyo, na umwambie pia kwamba nje unacheza kwa namna nyingine. Nina wasiwasi kwamba naye hajui, kama Mzee asivyojua.

Mumeo nitamwacha kwa leo. Kama huu ni mchezo wa wazee, mbona umekunyima usingizi wewe?

Limebaki lile la uchovu wa zamu. Umeliita uongo na mimi sitalipamba, ingawa kwa muuguzi wa usiku lilikuwa na ukweli wa kutosha kukaribia. Unaweza kulinyamazia. Mkono ukirudi kufikia Juni, Mzee atasahau, na wewe utaingia Oktoba ukiwa na siri ileile, safari hii kubwa zaidi, katika mji mdogo ambao mtu wa klabu moja ana binamu katika klabu ya pili. Ukimwambia, anaweza kununa. Anaweza pia kuumia kwa jambo ambalo hukulitarajia: si kwamba ulifundishwa na mwingine, bali kwamba miezi yote ya baridi ulikuwa ukicheza huku yeye yuko nyumbani na nyonga yake, hajui. Hilo lifikirie kabla hujaenda, kwa kuwa maneno ya kumtuliza mtu aliyeona wivu si ya kumtuliza mtu aliyesahauliwa.

Ukiamua kwenda, sidhani lazima uanze na kuungama. Unaweza kuanza na 2022. Muulize mbona siku zile za joto aliinama. Mwache aeleze kwa muda wake, na kama ni mwalimu kama ninavyomdhania atasimama aanze kukuonyesha hapo hapo uani, nyonga au hapana nyonga. Zulia linaweza kuingia katika mazungumzo hayo bila kubishiwa hodi. Ila ukiona amesema hakumbuki kuinama, usimlazimishe akubali mbele yako. Mwambie tu kwamba msimu wa baridi umekuwa ukicheza ndani, huko ni sekunde kumi na nne, na kwamba unahitaji mtu wa kukurudisha kwenye kumi kabla ya Juni.